Kompyuta Iliyoatamia Mayai ya Mama

Mama alishuka kutoka kwetu, upande wa Momela, na mayai kumi na matatu kwenye ndoo ya plastiki iliyowahi kuwa ya rangi. Kila yai alikuwa amelifunga kwa kipande cha gazeti, na katikati akajaza maganda ya maharage yasigongane. Ndoo aliipakata njia nzima. Alipofika kwangu Lemara hakukaa wala hakuomba maji. Aliitikia shikamoo yangu, akaiweka ndoo mezani, akasema, "Haya ndiyo yaliyobaki. Kuku wenyewe wote wamekufa."

Mdondo ulikuwa umepita mlimani. Kwa wiki moja ulimaliza kuku wa mama na wa majirani zake, ukaacha mabanda yakiwa matupu. Kuku wa mama walikuwa wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, na kwa mgeni walikuwa wabaya kuwatazama. Lakini tetea wa kwanza wa ukoo ule mama alipewa na mama yake siku anaolewa, na bibi naye alipewa na mama yake. Ilikuwa desturi ya upande wa mama: binti akiondoka nyumbani, anaondoka na tetea wa kishingo mikononi. Dada zangu wawili waliondoka nao, na wa kwao walishakwisha zamani. Alibaki mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa ameshachumbiwa. Harusi ilipangwa Desemba, na tulikuwa mwishoni mwa Juni.

"Huyu sitamtoa mikono mitupu," mama alisema, na hapo ndipo akaomba maji.

Jambo la akili lingekuwa kutafuta kuku anayeatamia, na kuku huyo alikuwepo. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja wa Kirangi aliyekuwa akiuza vitumbua, alikuwa na kuku aliyekaa kapuni siku tatu bila yai hata moja chini yake, amenuna, anadonoa kila mkono unaomkaribia. Jirani aliposikia habari zetu alikuja mwenyewe mlangoni. "Mayai ya mama yaleteni kwangu," akasema. "Kuku wangu anakalia hewa." Nikamshukuru, nikamwambia tutatumia mashine. Nakumbuka hata sauti niliyoitumia kulitamka neno hilo, na nikikumbuka bado naona aibu.

Nilikuwa nimefanya kazi ya fundi wa vipimo kiwandani miaka kumi na moja. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba mishale ya kwenye mitambo inasema kweli. Kisha kiwanda kikauzwa, mnunuzi akaja na watu wake, sisi tukapewa barua na mkono wa kwaheri. Ilikuwa miaka ile ya kila kitu ruksa. Maduka mjini yalijaa redio na pasi na viatu vya kila rangi, na wanaume wa rika langu tulijaa vibarazani. Nikaanza kutengeneza vitu vya watu. Kampuni moja ya kupeleka watalii mbugani, nilipowatengenezea mashine ya faksi, ikanipa kompyuta yao ya zamani kwa kuwa walikuwa wamenunua mpya. Niliiweka sebuleni, juu ya meza pekee tuliyokuwa nayo, tukawa tunakula tumepakata sahani. Kwa miezi minne haikuwa na kazi yoyote. Mke wangu, ambaye ni mwalimu na hapendi kitu kinachokaa bure, aliuliza mara moja tu inafanya nini. Nikamjibu kwamba najifunza. Kwa hiyo mayai ya mama yalipofika, nililoliona mimi kwanza ni kwamba kompyuta imepata kazi.

Nitaeleza nilichofanya, maana kazi yenyewe sioni aibu nayo. Nyuma ya kompyuta za siku zile kulikuwa na tundu lenye pini tisa, la kuunganishia kipanya au modemu. Moja ya pini hizo hutoa herufi, moja baada ya nyingine, kwenye waya mmoja. Herufi ikiwa kwenye waya ni hatua kumi za umeme. Hatua ya kwanza daima imezimwa, ili upande wa pili ujue kuna kitu kinakuja. Ya mwisho daima imewashwa. Nane za katikati unazipanga upendavyo. Ukituma herufi ambayo zote nane zimewashwa, waya unawaka sehemu tisa kati ya kumi. Ukituma ambayo zote zimezimwa, unawaka sehemu moja tu. Na ukizituma mfululizo bila kupumzika, taa iliyofungwa kwenye waya huo haiwahi kuwaka sawasawa wala kuzimika sawasawa, inatulia mahali pa katikati ulipopachagua. Nilibandua kichipu kwenye modemu mbovu ili kiupunguze umeme wa tundu lile, mbele yake nikaweka transista nene, na mbele ya transista taa nne za breki za gari, zikila umeme wa betri ya gari iliyokaa kwenye chaji. Programu ilikuwa na mistari michache. Unaandika namba kuanzia sifuri hadi nane, taa zinafifia au zinakolea.

Mama aliyasikiliza maelezo haya ameweka mikono mapajani.

"Kwa hiyo unasogeza kuni ndani na nje," akasema.

"Ndiyo mama. Ila mara mia tisa na sitini kwa sekunde."

"Kwa haraka hiyo hata maharage yasingejua."

Sijawahi kusikia mtu akiieleza kazi ile vizuri zaidi, na nimekaa na wahandisi.

Kulikuwa na jambo moja. Waya ule, kompyuta ikiwa haina cha kutuma, haukai umezimwa. Kwa jinsi nilivyokiunganisha kichipu changu, kimya kilimaanisha taa zote kuwaka kabisa, kumi kwa kumi. Programu ikikwama, taa kabisa. Umeme ukikatika na kompyuta ikazimika, betri inaendelea, taa kabisa. Transista moja ndogo zaidi ingeligeuza jambo hilo, na nilikuwa nayo, iko kwenye kopo la maziwa pamoja na skrubu. Nilifikiri siku nzima kama niiweke, nikaamua kutoiweka. Mtu ambaye hajaamka Arusha mwezi wa Julai atashangaa. Mlima unajifunika wiki nzima, sakafu ya saruji inauma nyayo, nguo zilizofuliwa Jumatatu zinavaliwa Alhamisi. Adui niliyemjua tangu utoto ni baridi. Nyumbani Momela, kifaranga aliyelala mbali na jiko tulimkuta asubuhi amekauka. Nikaona kwamba kompyuta ikizimika, heri mayai yazidiwe joto kidogo kuliko yapoe. Kiwandani tulifundishwa kujiuliza: mtambo ukifa, ufe ukielekea wapi? Nilijiuliza swali hilo, nikalijibu kama mtoto wa mlimani.

Sanduku nililitengeneza kwa mbao laini na pamba ya godoro, matundu ya kupumulia juu, bakuli la maji chini, na kipimajoto ambacho ungeweza kukisoma kupitia kipande cha kioo. Mama alikataa kurudi Momela. Alilala chumba cha watoto, na mara tatu kwa siku aliyageuza mayai kwa mkono wake, akifuata alama ya mkaa aliyochora upande mmoja wa kila yai. Kipimajoto hakukijali. Alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho, akaniambia, "Punguza," au, "Acha hivyo hivyo." Nilikuwa naangalia kipimajoto kwa siri baada yake, na mara nyingi alikuwa sawa. Mimi nikiwa kazini mke wangu aliandika namba: sita asubuhi, nne mchana jua likitoka, saba wingu likikaa. Umeme ulikatika mara mbili wiki ya kwanza, taa zikawaka kabisa, na kwa baridi ile joto la sandukuni lilipanda kidogo tu. Nilijipongeza.

Siku ya saba tulifunga mapazia tukayapitisha mayai mbele ya tochi. Mawili yalikuwa matupu. Kumi na moja yalikuwa na mishipa myembamba myekundu na doa dogo linalotikisika katikati. Mama aliangalia la kwanza kwa muda mrefu. "Yumo," akasema. Akaangalia la pili, akasema tena yumo, mpaka yakaisha. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu kiwandani, na sikuificha. Nilimwita jirani wa vitumbua aje aone, naye akaja, akaona, akasema Mungu ni mkubwa, akaenda zake. Kuku wake alikuwa ameshapewa mayai ya mtu mwingine.

Siku ya kumi na sita ilikuwa Jumatano, na ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea ibada ya jumuiya. Mlutheri yeyote wa mji ule anajua kinachofuata. Unaazima mabenchi, unachemsha chai ya maziwa, unatandika vitambaa vyote ulivyo navyo, na kila kinachotoa sauti au mwanga kinazimwa kabla ya wimbo wa kwanza. Nilikuwa nimepanga kuzima kioo cha kompyuta tu, kompyuta yenyewe ibaki ikituma herufi zake kimyakimya. Hilo nilimwambia mke wangu. Mama sikumwambia. Nadhani nilimhesabu kama mwenye mayai, si kama mtu anayeweza kushika kitu cha nyumba ile.

Saa kumi jioni nilikuwa nimekwenda kuazima benchi la mwisho. Niliporudi watu walikuwa wameshajaa na mwinjilisti ameshafungua kwa sala, kwa hiyo niliingia kwa kunyata, nikaketi karibu na mlango, nimebanwa kati ya wazee wawili wenye makoti. Nilipoinua macho nililiona sanduku. Lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kudarizi ambacho mama alikuja nacho kutoka nyumbani kwa ajili ya siku kama hiyo, matundu ya kupumulia yote yamezibwa, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Plagi ya kompyuta na chaji ilikuwa sakafuni chini ya soketi, waya umekunjwa vizuri, duara juu ya duara, jinsi mama alivyokunja waya wa betri ya redio yake miaka yote. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya sanduku, mgongo umelielekea, ameinamisha kichwa. Katika vijitundu vya darizi niliona mwanga wa taa za breki.

Alikuwa ameheshimu ibada. Aliingia chumbani akakuta kitu kinawaka, akakizima ukutani, akakifunika kikapendeza. Hakuna mama mkwe yeyote Lemara ambaye angefanya tofauti.

Ningeweza kusimama. Kutoka pale nilipokaa hadi ukutani ni hatua tano, nikiruka miguu ya watu labda sita. Nilipiga hesabu: chumba kimefungwa madirisha, watu kumi na wanane wanapumua, matundu yamezibwa, taa kumi kwa kumi. Nilijua nusu saa ingetosha kuharibu kila kitu. Kisha mwinjilisti akasema tutakuwa na maombi ya mnyororo, kila mtu kwa zamu yake, kuanzia kushoto.

Nilijiambia kwamba sisimami kwa sababu ya mama. Nikisimama katikati ya sala nikachomeka plagi, kila mtu atajua kwamba mgeni wa nyumba, mama mtu mzima, amekosea jambo mbele ya jumuiya. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Nikisimama ningelazimika kueleza. Wangeniuliza inakuwaje kitu kilichozimwa ndicho kinachochoma, nami ningelazimika kusema kwamba nilikitengeneza hivyo mwenyewe, kwa kufikiri, siku nzima. Jirani wa vitumbua, ambaye si wa dini yetu lakini alikuwa jikoni akimsaidia mke wangu chai, angesikia. Nikabaki nimekaa.

Waliomba kwa ajili ya wagonjwa. Waliomba kwa ajili ya wasio na kazi, na wazee wawili wakanisukuma kidogo kwa viwiko, kwa upendo. Waliomba kwa ajili ya kahawa, ambayo wengine walikuwa wameshaing'oa kupanda nyanya. Zamu yangu ilipofika nilishukuru kwa afya na kwa mvua, na mwezi wa Julai kule hakuna mvua. Zamu ya mama ilipofika aliomba kwa Kimeru, maneno machache, na kabla ya kuanza alikisogeza kigoda mbele kidogo. Nilidhani anatafuta nafasi ya magoti. Mnyororo ulichukua karibu saa nzima.

Baada ya amina ya mwisho nilikwenda moja kwa moja ukutani. Nilisema kwa sauti, kwa yeyote aliyetaka kusikia, kwamba hii mashine imenikwamia. Nikaondoa maua, nikaondoa kitambaa. Kioo kilikuwa na mvuke. Zebaki ilikuwa imepita alama zote zilizochorwa. Mama alikuja akasimama kando yangu, akachukua yai, akaligusisha kwenye kope, akaliondoa upesi. Alilirudisha mahali pake, alama ya mkaa ikiwa upande uleule uliokuwa, akaenda kugawa vikombe vya chai.

Siku ya ishirini na moja yai moja lilipasuka. Mama alisubiri siku tatu zaidi, kisha akayatoa yale kumi nje, akayafukia mwenyewe nyuma ya nyumba. Kifaranga aliyetoka alikuwa na shingo tupu, nyekundu, amesimama kwa hasira. Mama alimrudisha Momela kwenye ndoo ileile, na kila Jumamosi nilipopanda kumsalimia tulikwenda kwanza kumtazama. Jambo lililobaki lilikuwa moja tu, kama ni tetea. Mama alisema miguu ni ya tetea. Mimi niliona kilemba kinakuwa chekundu mapema mno, nikanyamaza. Mwishoni mwa Septemba, tukiwa tunakunywa uji, kifaranga wetu alipanda juu ya rundo la kuni akajaribu kuwika. Sauti ilikuwa mbaya, imekatikakatika. Mama aliweka kikombe chini, akasema, "Haya," akaendelea kunywa.

Desemba mdogo wetu aliondoka nyumbani na tetea aliyenunuliwa sokoni, mwenye manyoya hadi kidevuni. Alimpokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akalia kama maharusi wote wanavyolia. Alijua shingo ile haikuwa ya kwetu. Wote tulijua, na picha zipo.

Miaka ilipita. Umeme ulipanda hadi kwa mama, na siku moja nilikwenda kumfungia soketi jikoni ili redio yake iache kula betri. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachagua maharage kwenye ungo. Nilimwonyesha jinsi ya kushika plagi yenyewe, asivute waya.

"Siku ile ya jumuiya," akasema, bila kuinua kichwa, "mimi ndiye niliyechomoa."

"Najua, mama."

"Ndiyo iliyowaua?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kichipu kilikuwa kibovu tangu mwanzo, kimetoka kwenye takataka za watu, kingekufa siku yoyote. Nilisema haraka, na nilitumia maneno ya kifundi.

"Mgongo uliniungua," akasema. "Lile sanduku lilikuwa la moto kama jiko. Nikasogea mbele."

Bisibisi ilinisimama mkononi. "Mbona hukuniambia?"

"Katikati ya sala?" Akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa nje ya mlango. "Nilifumbua macho nikakutazama. Nilikuona unaliangalia sanduku, umekaa, umetulia. Nikasema moyoni, mwenye mashine anaona, na hajasimama. Basi hakuna neno. Nikaendelea kusali."